Vichezeo vya Ijumaa

Ijumaa jioni, Ziyad aliporudi kutoka kumwona baba yake, hakupita sebuleni mpaka bibi yake ampekue kwanza. Alikuwa na miaka sita na zoezi lenyewe alishalizoea. Alisimama kizingitini, akainua mikono, akaangalia dari huku Hajjat Fawkiya akiingiza vidole kwenye mifuko ya koti lake.

"Leo kakupa nini yule Mdumyati?"

"Bata."

"Bata wa nini?"

"Wa mti. Ana magurudumu. Ukimvuta anatikisa mkia."

Hajjat Fawkiya alimtoa bata kwa ncha za vidole, akamnusa, akakunja uso. "Vanishi! Nyumba nzima itanuka karakana. Peleka roshani."

"Bibi, huyu mdogo. Anaenea kwenye kopo."

"Makopo ni ya vitu vya ndani. Nimesema roshani."

Nashwa, mama yake Ziyad, alikuwa nyuma yao kwenye ngazi, mikate imefungwa gazetini kwapani. Alisikia yote, akainama kuvua viatu ambavyo angeweza kuvivua hata bila kuinama. Mwishowe akasema, "Mama, si bata tu?"

"Leo bata, na kesho? Wadumyati walianza lini kutoa kitu bure? Mgeni akiwafikia humuuliza, 'Utakula, au utalala?' Halafu huyu kila Ijumaa mkono umejaa. Kaa chini ujiulize."

Nashwa hakukaa chini wala hakujiuliza. Nyumba ilikuwa ya mama yake, na yeye alirudi humo baada ya talaka, na mabegi mawili na mtoto. Mwanamke aliyerudi hivyo hula akisema ahsante na hulala akisema ahsante.

Kitu kimoja alichoachiwa akitawale ni upande wa mtoto wa chumba cha kulala. Mchana alishona vifungo kwenye kiwanda cha mashati, jioni alipanga. Nyuma ya mlango alitundika mfuko wa viatu wenye vijifuko vingi, kila kijifuko kikalaza gari moja. Makopo ya samli yalibeba matofali ya plastiki, vikopo vya mtindi vikabeba gololi, na mkebe wa biskuti za Idi ukawa na wanyama. Kwa kuwa Ziyad alikuwa hajajua kusoma, kila kopo lilibandikwa picha ya kilichomo. Mtoto alimwaga, mtoto akarudisha, na kila kitu kilijua kwao.

Vya baba havikuwa na kopo. Vilikaa roshani, ndani ya kasha la machungwa, chini ya kamba ya nguo. Ragab, baba mwenyewe, alikuwa fundi wa kupaka vanishi kwenye karakana ya samani huko Dumyat, na vipande vilivyobaki vya miguu ya viti na pembe za vitanda alivichonga akavifanya malori, ngamia, mashua na vikabati vyenye droo za kufunguka kweli. Siku moja Ziyad aliuliza kwa nini treni aliyoletewa na mjomba inalala ndani na lori la baba linalala nje. Nashwa akamwambia roshani ndiyo gereji.

Jibu hilo lilitosha majira yote ya joto. Kisha mvua zikaanza.

* * *

Masaa matatu ambayo mahakama ilimpa kila Ijumaa kumwona mtoto, Ragab aliyatumia kwenye benchi la saruji katika kituo cha vijana, kando ya uwanja wa mpira usiokuwa na nyavu. Alifika Mansura kwa basi dogo la asubuhi, shati limepigwa pasi, kucha zake zina ile rangi ya kahawa ya vanishi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Akina mama walikaa upande wa pili, kila mmoja anajifanya anaangalia simu.

Ziyad alitoa lori mfukoni. "Gurudumu halizunguki."

"Lete tuone." Ragab alilipindua, akapitisha kidole gumba chini yake. Mti ulikuwa umevimba na vanishi imechanika kama ngozi ya kisigino. "Hili lori hulala wapi?"

"Kabatini."

"Kabati gani?"

Ziyad alifundishwa neno moja tu, hakufundishwa la pili. Alimtafuta mama yake kwa macho kule upande wa pili. "La juu," akasema.

Ragab aliona yale macho yalikokwenda. Alitoa kisu kidogo, akakwangua ekseli, akapuliza vumbi, akalisukuma lori kwenye saruji mpaka likatembea. "Haya. Kabati likivuja, wewe lifunike na nailoni, sawa? Gari zuri hufunikwa."

"Sawa."

"Leo sikuleta cha kwangu. Hiki ni cha bibi yako Inshirah. Kakushonea mwenyewe, kitandani, na macho yenyewe hayaoni. Tazama mishono hii, kama kuku kapita."

Alikuwa farasi wa kitambaa chenye maua ya zambarau, shingo imekwenda upande, manyoya ya uzi mweusi. Ziyad alicheka. Akamkumbatia.

"Bibi anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Atapona?"

"Cheza, baba. Cheza, muda unakwenda."

Karani wa kituo alipopiga makofi kuwaambia watu muda umekwisha, Ragab alivuka uwanja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama hatua chache kutoka kwa Nashwa kana kwamba kuna meza katikati yao.

"Mama Ziyad."

"Naam."

"Vya kwangu vikae popote. Sikuulizi. Lakini huyu farasi asilale nje, nakuomba. Ni wa mama, na hali yake sasa..."

"Atalala ndani," alisema Nashwa.

Na kweli akamwingiza ndani, amemzungushia gazeti la mikate, akapita naye mbele ya mama yake aliyekuwa ameshughulika kupekua mifuko ya koti. Siku ya pili Hajjat Fawkiya alipomwona farasi kitandani, Nashwa alisema kamnunua sokoni, kwa wale wanaotandaza vitu chini.

"Walikuibia," alisema Hajjat Fawkiya. "Shingo yenyewe imevunjika."

* * *

Jumanne Ziyad aliamka anawaka homa. Nusu ya darasa lake walikuwa wanakohoa tangu wiki iliyopita, na mwalimu mwenyewe alifundisha kajifunga skafu hadi puani. Nashwa alimpa dawa ya maji, akamwacha na bibi yake, akaenda kazini kwa sababu siku ya kutokwenda haikulipwa.

Aliporudi aliwakuta wanawake wawili mezani jikoni, mama yake na Mama Hiba wa ghorofa ya chini. Kati yao kulikuwa na sinia la kuchambulia dengu. Juu ya sinia farasi amelala chali, tumbo limepasuliwa kwa mkasi toka shingoni hadi mkiani, pamba imetoka.

"Njoo," alisema Hajjat Fawkiya bila kunyanyua sauti. "Njoo uone ulichokinunua sokoni."

Nashwa alibaki mlangoni.

"Nilikuwa nabadilisha shuka. Nikamshika tumboni, nikakuta kidonge kigumu. Nikamgeuza, nikaangalia kitambaa. Nikasema, Fawkiya, maua haya umeyaona wapi? Hii kanzu Inshirah aliivaa siku ya saba ya kuzaliwa mtoto, na aliringa nayo chumba kizima. Umenidanganya ndani ya nyumba yangu, Nashwa."

"Mama, ni bibi yake, anaumwa..."

"Anaumwa yeye, ndiyo amuumize na mtoto? Tazama hicho."

Kilikuwa kifuko cha kitambaa cheupe, kidogo kama tende, kimefungwa kwa uzi mwekundu ambao tayari walishaufungua. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, ngano, dengu, punje za habasoda, na katikati yake kitu cheusi kilichokauka na kujikunja, kina fundo la uzi.

"Hiki nini?" Nashwa aliuliza.

"Waniuliza mimi? Nyama hiyo! Nyama kavu, imefungwa fundo!"

Mama Hiba alikuwa ameshika glasi ya chai kwa mikono miwili. "Ndugu yangu wa Talkha walimtilia kwenye mto wa kulalia," alisema. "Manyoya ya ndege na chumvi, hivi hivi. Mwaka mzima mume akimwona anamwona nyani. Na yule alikuwa mtu mzima, je mtoto?"

"Homa ni ya shuleni," alisema Nashwa. "Watoto wote wanaumwa."

"Wote wanaumwa, na huyu analala na kitu hiki kifuani. Ingia umshike. Ingia!"

Nashwa aliingia. Ziyad alikuwa amegeukia ukutani, midomo mikavu, na aliposhikwa kipaji cha uso alisema maneno yasiyounganika, kitu juu ya bata. Ilikuwa homa kama homa za watoto wote. Lakini Nashwa alikuwa amechoka, na nyuma yake wanawake wawili walikuwa wanasoma aya kwa sauti ya chini, na ile nyama nyeusi kwenye sinia hakuweza kuipa jina lingine. Naye akaogopa. Aliporudi jikoni mama yake alikuwa amekwisha kukifunga kile kifuko kwenye nailoni.

"Kitupwe maji yanayokwenda," Mama Hiba alikuwa anasema. "Yaliyosimama hayafai."

"Naili inakwenda kwao," alisema Hajjat Fawkiya. "Kinachoangukia Mansura kinapitia Dumyat. Warudishiwe chao. Nashwa, wewe ndiye uliyekiingiza, wewe ukitoe. Na lile kasha la roshani liondoke nalo. Nani ajuaye kuna nini kwenye vile vidroo? Ama litoke, ama nitoke mimi. Na nyumba ni yangu, kwa hiyo fikiri vizuri."

Nashwa alikwenda kwa miguu hadi darajani kabla ya magharibi. Watu walikuwa wanarudi kutoka makazini, magari yamebanana, vijana wameegemea chuma wanakula mbegu za tikiti na kutema maganda majini. Alitafuta mahali pasipo na mtu, akakitupa. Kifuko hakikutoa hata sauti. Alisimama kidogo, kisha akasogea maana kijana mmoja alikuwa anamwangalia, pengine akidhani mwanamke huyu anataka kujirusha.

Asubuhi yake mnunua vikorokoro alipita na punda wake, anaita kwa ile sauti ya puani ambayo kila mtaa unaijua. Hajjat Fawkiya alishuka mwenyewe na kasha. Mtu yule alilipekua, akasema mti hauna bei, chuma ndiyo ina bei. Wakavutana. Mwishowe akampa chujio la plastiki la kijani.

Ziyad alikuwa amepata nafuu kidogo. Alisikia ile sauti, akaburuza blanketi hadi roshani, akachungulia kati ya nguzo. Chini, juu ya mkokoteni, kati ya feni iliyokatika bawa na kiti cha miguu mitatu, alimwona bata wake.

"Mama!" aliita. "Mama, gereji inaondoka!"

* * *

Ijumaa ile Nashwa alimwarifu Ragab kwa simu kuwa mtoto anaumwa. Ijumaa iliyofuata mtoto hakuwa anaumwa, lakini Hajjat Fawkiya alisimama mlangoni na funguo mkononi.

"Utampeleka tena? Wakutilie nini safari hii, kwenye peremende?"

"Mama, ni amri ya mahakama. Nikikosakosa, wanaweza kumchukua."

"Nani atamchukua? Acheze mtu na mimi."

Kwa hiyo Ragab alikaa peke yake kwenye benchi la saruji masaa yake yote. Karani wa kituo alimwambia, "Fundi, unaweza kwenda, wameshachelewa hawa." Ragab akajibu, "Nakaa. Muda ni wangu." Alikuwa na ngamia mdogo kwenye mfuko wa nailoni na hakumtoa.

Ziyad naye alikuwa amebadilika bila kelele. Hakuuliza habari za kasha. Lakini jioni, alipomaliza kucheza, alihesabu magari kwenye vijifuko vya mlangoni kwa kuyagusa moja moja, na alipomaliza alianza tena. Treni ya mjomba aliilaza chini ya mto wake. Nashwa alipomwambia airudishe kwenye kopo lake, alisema, "Kopo linaweza kubebwa."

* * *

Simu ilikuja wakati wa chakula kiwandani. Wanawake walikuwa wamekaa sakafuni kati ya mashine, wanachovya mkate kwenye maharagwe. Nashwa hakuijua namba.

"Nashwa? Ni mimi. Usikate."

Sauti ilikuwa ya Inshirah, lakini imepungua, kama mtu anayeongea akiwa chini ya shuka.

"Sikati, mama." Neno 'mama' lilimtoka kwa mazoea.

"Ragab hajui kama napiga. Nimeazima simu ya jirani. Mjukuu wangu kapona?"

"Kapona, alhamdulillahi."

"Nilikosa usingizi. Sikiliza, binti yangu, sina pumzi nyingi. Farasi alifika?"

"Alifika."

"Mmempapasa tumboni? Sikumwambia Ragab, wanaume ukiwaambia kitu cha namna hiyo wanakucheka. Nimemtilia kitovu chake."

Nashwa aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kitovu cha nani?"

"Cha Ziyad, cha nani tena! Ulikuwa umelala, umechoka, maskini, na maziwa yamekupandisha homa. Kikaanguka kwenye nepi. Nikakikausha, nikakifunga na chumvi yake ya siku ya saba na zile nafaka tulizomrushia. Unakumbuka ulivyopiga chafya? Watu hukizika shuleni ili mtoto asome. Mimi nikasema hapana, kikae sandukuni kwangu, apende kwao. Basi." Akavuta pumzi. "Mkaondoka. Si kitu, ndiyo dunia. Lakini sasa naondoka mimi, na nikishaondoka watafagia sanduku langu watupe kila kitu jaani. Nikasema kiende kwa mwenyewe. Mama yake ana mikono ya kupanga. Wewe hata dawa zangu ulinipangia kwenye vikopo, mpaka leo nikinyoosha mkono naipata ninayoitaka."

Mwanamke mmoja alikuwa anamwashiria Nashwa kuwa mkate unakwisha.

"Nashwa? Upo?"

"Nipo."

"Umekiweka wapi?"

"Kabatini," alisema Nashwa. "Kabati la vioo, sebuleni. Rafu ya kati, nyuma ya seti ya chai."

"Hapo pazuri," alisema Inshirah, na ungeweza kusikia kwamba anatabasamu. "Hapo hakuna anayegusa. Mungu akupe, binti yangu. Nilikuwa na wasiwasi nawe, nikisema labda hata hawatakijua. Haya, mwenye simu anaitaka simu yake."

* * *

Hajjat Fawkiya alikuwa anachambua majani ya mlukhia, mboga ya mchuzi, miguu ameitandaza, chujio la kijani pembeni. Nashwa alimwambia yote akiwa amesimama, bado na mkoba begani. Mama yake hakuacha kuchambua.

"Angesema," akasema baadaye.

"Angesema, ungempokea?"

"Mtu akificha kitu ndani ya kitu, akanyamaza, lawama ni yake. Mimi ningejuaje? Nilishika tumbo la mdoli nikakuta nyama. Na mtoto ndani anaweweseka."

"Kilikuwa cha kwake, mama. Cha tumboni mwangu. Nimekishika kwa mkono huu na sikukijua."

"Nilimwogopea mtoto!"

"Najua."

"Basi usiniangalie hivyo." Hajjat Fawkiya alisukuma majani kando, akayavuta tena. Baada ya muda akauliza, kwa sauti nyingine, "Na anaumwa kweli?"

"Anakufa."

"La ilaha illallah," alisema Hajjat Fawkiya.

Usiku ule hakumkataza Nashwa alipofungua kabati la vioo, akatoa seti ya chai ya harusi yake Hajjat mwenyewe, vikombe ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea, akavifunga kwa magazeti na kuviweka chini ya kitanda. Rafu ya kati ikabaki wazi. Nashwa aliipangusa kwa kitambaa kibichi, akaipangusa tena kwa kikavu. Kesho yake alimtafuta yule mnunua vikorokoro, akampata nyuma ya msikiti anamlisha punda.

"Vile vya mti?" Mtu yule alijikuna. "Ah, dada, vile nilimpa muuza viazi. Yule mwenye jiko la mkokoteni."

"Kavifanya nini?"

Alimwangalia Nashwa kama anayemwonea huruma kwa upungufu wa akili. "Kavichomea viazi. Vina vanishi, vinashika moto upesi."

* * *

Inshirah alizikwa Jumatano. Ijumaa Nashwa alimpeleka Ziyad kituoni, na Hajjat Fawkiya hakusimama mlangoni; alikuwa jikoni amegeuza mgongo, maji ya bomba yanamwagika bila chombo chini yake.

Ragab alikuwa hajanyoa ndevu. Alimpakata mtoto muda mrefu kisha akamtoa ngamia. Ziyad alicheza naye vizuri tu, akampandisha benchi, akamshusha, akamnywesha maji kwenye kifuniko cha chupa. Karani alipopiga makofi, Ziyad alimfuta ngamia miguu kwa shati lake, akafungua begi la baba yake, akamlaza ndani kati ya taulo na chakula, akavuta zipu hadi mwisho.

"Umesahau. Huyo ni wako," alisema Ragab.

"Kaa naye wewe."

"Kwa nini?"

"Kwetu vitu vyako vinaondoka."

Ragab alibaki ameshika begi. Kisha akavuka uwanja. Nashwa alikuwa ameshasimama, maana usiku mzima alijipanga aseme nini, lakini alipomwona karibu maneno yote yakachanganyika, akasema tu lile la mwisho.

"Sikukiweka kabatini, Baba Ziyad."

"Nini?"

"Kitovu. Mama yako alikishonea ndani ya farasi. Sisi tukadhani ni kazi ya uchawi. Nilikitupa Naili, mimi mwenyewe. Vya kwako vyote vikaenda na mkokoteni. Halafu alipoulizia nikamwambia kipo kabatini, nyuma ya seti ya chai."

Watoto walikuwa wanapita kati yao, wanavutwa mikono. Ragab alikaa kwenye benchi la akina mama.

"Alimwambia kila mtu," akasema. "Kila aliyeingia kumwona. Anamshika mkono, anamwambia, 'Kitovu cha mjukuu wangu kiko kabati la vioo.' Sisi tukadhani maneno ya ugonjwa."

"Nisamehe."

Ragab alisugua kucha moja kwa nyingine, akiangalia rangi yake. "Ulimwambia mahali pazuri," akasema. "Alifurahi." Kisha akanyanyuka. "Ijumaa ijayo sileti kitu."

"Lete. Nimetenga rafu. Mama hasemi kitu tena, wallahi."

"Sileti, Mama Ziyad. Mtoto asije akajifunza kunipanga rafuni mimi pia."

* * *

Ijumaa iliyofuata alikuja mikono mitupu. Ziyad aliangalia begi, akaangalia mifuko ya baba yake, kisha akaacha kuangalia. Wakakaa benchi moja, mikono juu ya magoti. Hapo ndipo Ragab alipogundua kwamba tangu waache kuishi nyumba moja, mazungumzo yao yote yalikuwa magurudumu na droo. Chini ya hayo hakukuwa na kitu walichowahi kukizoea.

"Shule inaendaje?"

"Vizuri."

"Mwalimu hachapi?"

"Hachapi."

"Bibi yako hajambo?"

"Hajambo."

Mpira wa watoto wengine ulibingirika hadi miguuni mwao. Ragab akaurudisha kwa teke la kiatu chake cha kazi, na wote wawili wakautazama ulikokwenda zaidi ya ilivyohitajika. Upande wa pili Nashwa alikuwa na simu mkononi, kioo chake kimezima.

Ziyad alisogea kidogo kwenye benchi. Haikujulikana anasogelea nini, maana jua lilikuwa upande huo huo wa baba yake.

"Baba."

"Naam, baba."

"Umebaki muda mwingi?"

Ragab alimtazama. Hakuweza kujua kama mtoto anauliza ili uishe au ili usiishe, na aliogopa kumuuliza.

"Upo," akasema. "Bado upo."